Upinde Mkongwe wa Kapi: Utengenezwe, Uboreshwe au Utundikwe Ukutani?

Katika mji wa Malindi, ambako wageni hujenga, hukaa miaka kadhaa, kisha huuza nyumba na kurudi kwao, si ajabu mtu kuachiwa kitu ambacho hakukiomba. Wengine huachiwa mbwa, wengine jokofu. Mimi niliachiwa upinde. Ulikuwa upinde wa kuwindia, wa aina ile yenye kapi (vigurudumu vya kupitishia kamba) kwenye ncha zake mbili, uliotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwenyewe, mzee wa Kiitaliano ambaye kwao uwindaji kwa upinde unaruhusiwa, alikuwa ameutundika katika baraza iliyoelekea bahari kwa muda mrefu bila kuugusa. Tangu hapo nimeletewa pinde nyingine tatu za namna hiyo, na kila aliyeleta alikuwa na swali lile lile: je, inafaa kutia pesa katika upinde huu, au ni afadhali kuagiza mpya?

Jibu langu, ambalo nitalieleza kwa urefu, ni kwamba upinde mkongwe wenye mikono mizima (vipande vinavyopinda juu na chini ya mpini) unastahili upote mpya, yaani kamba ya kuvutia, na mishale inayoufaa, na zaidi ya hapo haustahili karibu chochote. Na upinde ambao mikono yake imepata ufa haustahili hata upote.

Kabla ya kushika spana, jiulize unakusudia kulenga nini. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaendelea kuukataza na kuuwekea adhabu kali, hata kama anayewindwa ni paa mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke ambaye watu wengine humchukulia kuwa kitoweo tu. Kwa hiyo upinde wa kuwindia ulioko Malindi hauna kazi halali ila kulenga shabaha, na hata kazi hiyo ifanyike katika shamba lako au la mtu aliyekuruhusu, penye ukuta au kichuguu nyuma ya shabaha, mahali ambapo hapana njia ya watoto wala mbuzi. Upinde usafirishwe ukiwa ndani ya mfuko, mishale ikiwa kando, kwa sababu silaha iliyo wazi barabarani ni jambo ambalo polisi ana haki ya kukuuliza. Mimi nilitangulia kwenda kituoni na kwa chifu kueleza nilicho nacho na mahali ninapokitumia, na sikujutia safari hiyo.

Nimeanza na sheria kwa sababu ndiyo inayoamua hesabu yenyewe. Sifa ambazo watengenezaji wa pinde mpya huzitangaza, yaani kasi, ufupi na ukimya, ni sifa za mwindaji. Mwindaji hukaa juu ya mti au ndani ya kibanda chembamba, kwa hiyo anahitaji upinde mfupi. Mnyama husikia mlio wa upote na kuruka, kwa hiyo anahitaji ukimya. Na mnyama hasimami penye alama iliyopimwa, kwa hiyo anahitaji mshale wa kasi ambao hauadhibu sana kosa la kukisia masafa. Chukua mshale wa gramu 26 unaotoka kwenye upinde mkongwe kwa mita 73 kwa sekunde, na mwingine kama huo unaotoka kwenye upinde mpya kwa mita 91. Ikiwa umeweka kilengeo chako kwa mita 20, lakini kumbe mnyama yuko mita 30, mshale wa kwanza utapiga takriban sentimita 28 chini ya ulipolenga, na wa pili takriban sentimita 18. Kwa mwindaji, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mtu aliyepima mita 20 kwa futikamba na kupigilia vigingi viwili shambani kwake, haipo kabisa, kwa kuwa kilengeo kikishawekwa sawasawa mshale wa polepole hufika pale pale unapofika wa haraka.

Zaidi ya hayo, upinde mkongwe una fadhila ambazo mpya umezipoteza. Pinde nyingi za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zina urefu wa mita moja au zaidi kutoka ekseli hadi ekseli, ilhali nyingi za siku hizi ni kama sentimita 80. Upinde mrefu hutulia mkononi, wala hauchezi kwa kila kosa dogo la kiganja. Vilevile nafasi kati ya mpini na upote ni pana zaidi, kwa hiyo mshale huachana na upote mapema na hauchukui sana makosa yanayofanywa na mkono wakati wa kuachia. Mlenga shabaha anayeuza upinde wa namna hii ili anunue mfupi wa kasi amebadilisha jahazi kwa boti ya mashindano ilhali safari yake ni ya kubeba boriti.

Sasa tuutazame upinde wenyewe. Aliyeubuni ni Mmarekani Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, ambaye aliomba hataza mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Aliyewahi kupandisha tanga anaweza kuuelewa bila taabu, maana ni kazi ya kapi na kamba. Tofauti ni kwamba kapi ya jahazi ni duara na ekseli yake iko katikati, hivyo uzito wa foromali ni ule ule tangu unapoanza kuvuta hadi unapofunga. Kapi ya upinde ina ekseli iliyo kando, au ina umbo kama la yai, kwa hiyo inapozunguka uzito hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka ghafla mvutaji anapokaribia mwisho. Nafuu hiyo ya mwisho katika pinde za mwanzo ilikuwa kama nusu ya uzito au chini yake. Katika pinde kama wangu ni kama asilimia 65. Katika mpya hufika 80 na kuzidi. Upinde wa ratili 60, ambazo ni kama kilo 27, huachia mkono ushike kilo tisa na nusu kwa nafuu ya asilimia 65, na kilo tano na kidogo kwa asilimia 80. Hili ndilo jambo moja ambalo ninakiri kuwa mpya inamshinda mkongwe hata shambani, hasa kwa mtu mwenye bega bovu. Lakini dawa ya bei nafuu ni kulegeza skrubu za mikono ili uzito ushuke, bila kupita idadi ya mizunguko ambayo mtengenezaji aliruhusu.

Ukaguzi uanze na mikono, yaani vile vipande viwili vinavyopinda juu na chini ya mpini, kwa maana ndiyo inayohifadhi nguvu yote, na ikivunjika huvunjika karibu na uso wako. Chukua pamba, uipitishe taratibu kwenye kingo zote na kwenye pande zote mbili za kila mkono. Mahali popote inaponasa nyuzi pana kibanzi kilichoinuka au ufa ulioanza. Kisha utazame kwa tochi penye ncha zilizopasuliwa ili kushika ekseli ya kapi, na pale mkono unapoingia katika mpini, kwa kuwa nyufa nyingi huzaliwa sehemu hizo mbili. Mstari mweupe unaopita ndani ya tabaka za nyuzi za kioo si mkwaruzo wa rangi. Ni tabaka zilizoachana. Gundi ya epoksi, ambayo mafundi wa boti wa hapa huitumia kwa ustadi mkubwa, haitibu ugonjwa huu, na nimelazimika kumwambia hivyo fundi mmoja hodari aliyeona ni tusi. Boti hubeba mzigo wa polepole. Mkono wa upinde hukunjuka ghafla kila mshale unapotoka, na kiraka hakivumilii.

Uliza pia kama upinde umewahi kuvutwa na kuachiliwa bila mshale. Nguvu ambayo ilipaswa kuondoka na mshale hurudi yote katika mikono, kapi na upote. Upinde mmoja kati ya ile mitatu niliyoletewa ulikuwa mzuri kuliko wangu hadi kijana wa jirani ya mwenyewe alipouvuta kwenye baraza mbele ya wenzake na kuachia hivi hivi, kama mtu anayepiga manati tupu. Upote uliruka nje ya mfereji wa kapi, kapi ya chini ikapinda mdomo, na pamba ilinasa mahali pawili kwenye mkono wa chini. Kampuni iliyoutengeneza ilikuwa imeacha kutoa vipuri vya aina hiyo zamani. Upinde huo sasa uko ukutani, na hiyo ndiyo nafasi inayoufaa. Tumekata upote wake ili asitokee mwingine wa kuujaribu.

Baada ya mikono, tazama kapi. Zitazame kutoka nyuma ya upinde: zikae wima sambamba na upote, zisiegemee upande. Kama zina ekseli za chuma cha kawaida, chumvi ya bahari itakuwa imeanza kazi yake, na kutu nyekundu kwenye ekseli husaga tundu na kuifanya kapi iyumbe. Ekseli ni kipande kidogo ambacho fundi mwenye mashine ya kukerezea anaweza kukichonga kwa chuma kisichoshika kutu, ikiwa kipenyo kitapimwa kwa usahihi wa sehemu ndogo za milimita. Kapi yenyewe asikuchongee mtu, kwa sababu umbo lake ndilo hesabu yote ya upinde.

Ikiwa mikono na kapi ni vizima, sasa pesa zina mahali pa kwenda, na mahali pa kwanza ni upote na kebo zake, yaani kamba zinazounganisha kapi na ncha za mikono. Kwa upinde unaotumiwa, watu wengi huubadilisha upote kila baada ya miaka miwili au mitatu. Upote uliokaa barazani miaka kumi na mitano mbele ya upepo wa kusi hauna mjadala. Hapa ndipo watu hufanya kosa la ghali. Pinde za zamani kabisa zilitengenezwa kwa upote wa dakroni (nyuzi za poliesta), ambao hunyumbuka kidogo na kupunguza mshtuko, na mara nyingi kebo zake ni za chuma. Nyuzi za baadaye zisizonyumbuka, ambazo zilianza kuenea katikati ya miaka ya 1980, huongeza kasi, lakini hupeleka mshtuko wote kwenye ncha za mikono, na upinde ambao haukujengwa kwa ajili yake unaweza kupasuka. Soma maandishi yaliyobandikwa kwenye mkono wa chini, ambako kwa kawaida huandikwa uzito, urefu wa mvuto na urefu wa upote, na uagize nyuzi za aina ile ile iliyokusudiwa. Kama karatasi imefutika, chagua dakroni. Utapoteza kasi ambayo, kama nilivyokwisha kueleza, hukuihitaji.

Kubadilisha upote wa upinde wa kapi si kama kuvalisha uta wa mti, ambao hukunjwa kwa goti. Unahitaji jiliwa maalumu linalobana mikono yote miwili kwa pamoja na kwa usawa hadi upote ulegee. Nimeona watu wakijaribu kwa jeki ya gari na mnazi, nami nasema wazi kwamba huko ni kucheza na macho yako. Baadhi ya pinde kongwe zina kebo zenye ndoano za chuma mwishoni, ambapo upote peke yake unaweza kubadilishwa bila jiliwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Zilizobaki zote hazina njia ya mkato. Ikiwa hakuna mwenye jiliwa karibu, hesabu gharama ya kulinunua au ya kuupeleka upinde kwa mwenye nalo kama sehemu ya bei ya matengenezo, maana gharama hiyo ndiyo mara nyingi inayogeuza jibu kutoka ndiyo kuwa hapana. Kipimo changu ni hiki: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya upinde mwingine uliotumika, mzima na wenye kipimo chako, achana nao.

Kipimo chako, kwa maana ya urefu wa mvuto, hakina mzaha. Simama ukiwa umenyoosha mikono pande zote bila kujivuta, upimwe kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kingine, ugawanye kwa mbili na nusu. Mwenye sentimita 175 atapata sentimita 70. Upinde wa kapi husimama mahali pake na haukufuati wewe. Ukiwa mrefu kwako kwa sentimita tano, utajifunza kuegemeza kichwa nyuma na kupigwa na upote mkononi, na hakuna kifaa cha kununua kitakachorekebisha hilo. Baadhi ya kapi zina matundu ya kubadilishia kipimo. Zisipokuwa nayo, mpe upinde mtu ambaye urefu wake unamfaa.

Uzito wa mvuto upime wewe mwenyewe, kwani karatasi ya mtengenezaji ilisema habari za upinde mpya. Mizani ya kuning'iniza wanayotumia wauza samaki inatosha. Ining'inize penye boriti imara, pitisha kitanzi cha kamba nene kutoka ndoano ya mizani hadi katikati ya upote, shika mpini kwa mikono miwili na uvute chini polepole huku mwenzako akisoma namba kubwa kabisa, kisha urudishe polepole vile vile. Kitanzi kifungwe fundo la kuaminika, kwa kuwa kikikatika umeachia upinde bila mshale.

Mahali pa pili pa pesa ni mishale, na ningependa watu waelewe kwamba mishale ina haki ya kugharimu kuliko upinde. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mshale mzima, pamoja na chembe yake (kichwa chenye ncha), usipungue punje tano, kizio kidogo cha uzito, kwa kila ratili ya mvuto. Kwa ratili 60 hizo ni punje 300, au gramu 19 na nusu. Hicho ni kiwango cha chini kwa upinde wenye afya. Kwa mkongwe mimi sishuki chini ya gramu 26, kwa sababu mshale mzito hubeba sehemu kubwa zaidi ya nguvu na kuuachia upinde mshtuko mdogo, na mlio wake hushuka hata asiyejua atasikia tofauti. Wano, yaani kijiti cha mshale, liwe pia na ukakamavu unaolingana na uzito wa upinde: likiwa laini mno hupinda kupita kiasi linaposukumwa na kwenda kando. Mishale ya kaboni ikaguliwe kila siku kabla ya matumizi kwa kukunjwa kidogo na kusikilizwa karibu na sikio. Inayolia kwa kupasuka ivunjwe na kutupwa, maana ikipasuka wakati wa kutoka vipande vyake huingia katika mkono unaoshika upinde. Mishale ya alumini inayopatikana pamoja na pinde kongwe ibingirishwe juu ya kioo cha meza, na ile inayorukaruka iwekwe kando.

Vifaa vingine ni haraka kuvisema. Kilengeo kipya si lazima ikiwa cha zamani hakilegei. Kiegemeo cha mshale kilichochakaa kinastahili kubadilishwa, na ni rahisi. Kifyatuzi cha mkononi, yaani kifaa cha kushikia na kuachia upote, ni ununuzi mzuri kwa sababu utakihamisha hadi upinde wowote utakaokuja baadaye. Vizito, taa na mapambo ya rangi sioni vinaongeza nini.

Kuna wanaoniletea upinde wa namna nyingine kabisa, uta wa mti uliotoka kwa babu, na hasa katika familia zenye asili ya Waata wa bara la Malindi na mto Galana. Watu hao walikuwa wawindaji wa ndovu, na pinde zao zilihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, zaidi ya pinde za kapi nilizozitaja hapa, tena bila nafuu yoyote mwishoni. Katika miaka ya 1950, kampeni ya kupambana na uwindaji haramu katika Tsavo iliwapeleka wengi wao jela. Uta wa aina hiyo usiuboreshe kwa lolote. Mti uliokaa mkavu kwa miaka hamsini utavunjika utakapovutwa, na kuufunga upote wa kisasa ni kuuharakisha. Ulaze mahali palipo sawa bila upote, mbali na jua na mchwa, usiupake vanishi, na uandike katika karatasi nani aliuchonga na ulitoka wapi wakati wangali hai wanaojua.

Turudi kwa upinde wa kapi, ambao wenyewe hukaa umefungwa upote siku zote. Adui zake hapa kwetu ni wawili, chumvi na joto. Baada ya kila matumizi ufute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, ukaushe, na utie tone moja la mafuta mepesi kwenye ekseli bila kugusa upote. Upote upakwe nta laini iliyotengenezwa kwa ajili ya nyuzi hizo, isuguliwe kwa vidole hadi ipate joto na kuingia. Nta ya nyuki peke yake hukauka na kuwa ngumu. Usiuache ndani ya gari wakati wa kaskazi, hata kwa muda wa swala ya Ijumaa, kwa sababu joto la gari lililofungwa hulegeza gundi kati ya tabaka za mikono, na uharibifu huo hauonekani mpaka siku ya kuvunjika.

Siku ya kwanza baada ya upote mpya, simama mita tano tu kutoka kwenye shabaha, ambayo inaweza kuwa gunia lililoshindiliwa nguo kuukuu hadi likawa gumu kama godoro la makumbi. Vaa miwani. Weka alama ya kalamu mahali upote unapogusa kila kapi, kisha mwenzako atazame kutoka upande kama kapi zote mbili zinafika mwisho pamoja unapovuta. Upote mpya hurefuka kidogo. Baada ya mishale mia moja hivi alama zitakuwa zimesogea, kapi moja itatangulia nyingine, na uzito utakuwa umebadilika kidogo. Hapo upinde urudi kwenye jiliwa kwa mara nyingine ili upote upewe mizunguko kadhaa ya kuufupisha, na ndipo uanze kurekebisha kilengeo, si kabla.